Besi ndiyo iliyovuka ukuta, si bendi

SWALI

Salaam washauri,

Nina mgahawa wa viti 50, ghorofa ya chini, ukumbi wa mita za mraba kama 70 na ua mdogo nyuma. Huu ni mwaka wa sita na leseni ya biashara nailipia kwa wakati. Jioni zilipoanza kudorora nikaleta bendi ya watu wanne kila Ijumaa: gitaa, besi, dramu na mwimbaji. Wanakaa mwisho wa ukumbi karibu na mlango wa uani, maana soketi ziko huko. Hakuna kiingilio. Watu wameitikia mpaka tunaondoa meza ili wapate pa kuchezea.

Ijumaa ya nne akaja afisa wa halmashauri na barua: naendesha burudani bila kibali, kuna lalamiko la kelele, nisimamishe muziki na nijieleze ndani ya siku 14. Mlalamikaji anakaa kwenye ghorofa iliyo nyuma ya ua, jengo lililomalizika miaka miwili iliyopita. Mimi nilimtangulia kwa miaka minne!

Rafiki yangu anasema pasipo kiingilio hapahitajiki kibali, na kwamba kabla ya saa 5 usiku kila mtu ana haki ya kupiga muziki. Mwingine anasema nitafute wakili. Simu yangu uani inasoma desibeli 68 tu, kwa hiyo naona naonewa. Hata hivyo nimeshanunua sponji za magodoro na trei za mayai nibandike ukuta wa nyuma. Nianze wapi?

Mwenye Mgahawa

JIBU

Ndugu Mwenye Mgahawa,

Anza kwa kurudisha sponji dukani, na trei za mayai mpe mfuga kuku. Hasara yake ni mara mbili. Kwanza, sponji haizuii sauti isitoke nje. Inapunguza mwangwi ndani ya chumba, basi, tena wa sauti nyembamba. Wimbi la besi la hezi 63 (yaani mitetemo 63 kwa sekunde) lina urefu wa mita 5.4 hivi, na kitu laini kilichobandikwa ukutani kinahitaji unene wa karibu robo ya urefu huo, zaidi ya mita 1.3, ndipo kilimeze vizuri. Godoro lako lina sentimita ngapi? Pili, sponji ya kawaida inashika moto upesi na moshi wake ni sumu. Mwaka 2003 moto wa ukumbi wa Station, West Warwick, Rhode Island, uliua watu 100. Mwaka 2013 moto wa klabu ya Kiss mjini Santa Maria, Brazil, uliua 242. Kote kuwili sponji ilikuwa imebandikwa kwa ajili ya sauti, na kote kuwili iliwashwa na fataki za jukwaani. Mkaguzi wa zimamoto akikuta godoro ukutani, maombi yako yameishia mlangoni.

Sasa ile barua. Usiikalie, wala usiijibu kwa hasira. Tafuta ndani yake mambo matatu: kifungu gani cha sheria ndogo kimetajwa, siku 14 zinahesabiwa tangu barua ilipoandikwa au tangu ulipoipokea, na rufaa inapelekwa kwa nani. Ijumaa inayofuata usipige. Tunajua inauma, wateja wameshazoea. Lakini aliyepiga bila kibali anaweza kusema hakujua, na aliyepiga huku barua iko mfukoni hana la kusema. Tena ofisi itakayopokea maombi yako ya kibali mara nyingi ndiyo hiyohiyo inayotunza jalada la malalamiko.

Majibu yako yaenee kwenye ukurasa mmoja. Kitu cha namna hii:

"Nimepokea barua yenu ya tarehe (…), kumbukumbu namba (…). Muziki wa bendi umesimamishwa kuanzia tarehe (…). Nakusudia kuomba kibali, hivyo naomba: (a) nakala ya sheria ndogo inayohusika na fomu ya maombi; (b) tarehe na saa za kelele zilizolalamikiwa, bila jina la mlalamikaji; (c) vipimo vya sauti kama vilichukuliwa, pamoja na mahali na muda vilipochukuliwa; (d) miadi ya kuonana na afisa anayeshughulikia jalada hili."

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Usiandike kwamba jirani ana chuki, wala kwamba baa ya pili wanapiga kuliko wewe. Baa ya pili ikikaguliwa itajua nani kaichongea, na wewe utakuwa hujapata kitu. Kipengele (c) usikiache. Sehemu nyingi sikio la afisa linatosha kuthibitisha kero, lakini kama hakuna kipimo chochote kwenye jalada, una nafasi ya kumwomba aje mpime pamoja. Usiku wa majaribio wenye afisa ndani yake una thamani kuliko ripoti ya kurasa kumi.

Hoja za rafiki yako. Kiingilio hubadilisha kodi na pengine daraja la ada; kuondoa hitaji la kibali ni nadra. Kinachoangaliwa kwa kawaida ni kwamba mahali pako ni wazi kwa umma na wewe mwenye biashara ndiye uliyeleta burudani. Chakula unachouza ndicho faida yenyewe. Jibu la uhakika liko kwenye kile kifungu cha mwanzo cha sheria ndogo ambacho watu hukiruka, cha tafsiri ya maneno. Soma "burudani" imetafsiriwaje. Angalia kama inatenganisha muziki wa kusindikiza chakula na onyesho, kama inataja sauti iliyokuzwa kwa spika, kama inaweka idadi ya wanamuziki, na kama kucheza kwa wateja kumetajwa peke yake. Hili la mwisho huwanasa wengi. Jiji la New York lilikuwa na sheria ya mwaka 1926 iliyotaka leseni maalumu ili wateja waruhusiwe kucheza, na haikufutwa hadi 2017. Kwako meza zinaondolewa ili watu wacheze. Ukiomba kibali cha muziki tu, Ijumaa ya kwanza utakuwa umeshakivunja.

Ile saa 5 usiku huenda aliisoma kwenye habari za England na Wales. Kule sheria ya mwaka 2012 iliondoa hitaji la leseni ya muziki kati ya saa 2 asubuhi na saa 5 usiku, kwenye sehemu ambazo tayari zina leseni ya kuuzia pombe na ziko wazi kwa mauzo, mwanzoni kwa hadhira isiyozidi watu 200, kisha 500 tangu mwaka 2015. Ni msamaha wenye masharti, wa nchi moja, na hata huko haukugusa sheria ya kero: jirani asipolala saa 3 usiku analalamika na anasikilizwa. Usimnukulie afisa wako kitu cha kwa watu.

Na kuhusu kutangulia, pole, hoja hiyo inakugeukia. Upo mwelekeo wa kisheria unaosema anayeleta badiliko ndiye abebe gharama ya kudhibiti kelele. Jimbo la Victoria, Australia, liliuingiza kwenye mipango miji mwaka 2014, England ikafanya hivyo mwaka 2018, na umeokoa kumbi kongwe zilizozungukwa na maghorofa mapya. Lakini kwako mgahawa ndio una miaka sita. Muziki una wiki nne. Jirani alipohamia hapakuwa na bendi, kwa hiyo mgeni ni muziki wako.

Wakili si wa leo. Atahitajika ukinyimwa kibali na siku za rufaa zikaanza kuhesabika, au ukipata hati ya kuitwa mahakamani.

Kosa kubwa linalokaa nyuma ya swali lako ni kudhani kibali ni karatasi moja ya kulipia dirishani. Kwa kawaida ni maswali ya ofisi tofauti, na kila moja inaweza kukukwamisha peke yake. Mipango miji wanauliza kiwanja chako kimetengwa kwa matumizi gani. Watu wa mazingira wanauliza sauti inaishia wapi. Zimamoto wanauliza watu wangapi na wanatokaje. Wenye haki za muziki wanauliza nyimbo ni za nani. Anza na mipango miji, kwa sababu hao ndio wanaochelewa, na kama kiwanja hakiruhusu burudani kabisa, ada zote ulizolipa kwingine zimekwenda na maji. Uliza kwa maandishi: "Je, muziki wa bendi unaokuzwa kwa spika unaruhusiwa kwenye matumizi ya sasa ya kiwanja hiki, au unahitaji mabadiliko ya matumizi?" Siku hiyohiyo soma mkataba wako wa pango. Mingi ina kifungu kinachokataza kero kwa wapangaji wengine au majirani, na mwenye nyumba aliyeshtukizwa anaweza kukufungia kabla ya halmashauri. Bima nayo iambie, maana bima iliyoandikiwa mgahawa inaweza kukataa kulipia aliyejikwaa kwenye waya wa jukwaa.

Tuje kwenye kelele. Hapa ndipo maombi yako yatakaposimama au kuanguka.

Ile 68 ya simu inakuficha jambo. Programu nyingi za simu hupima kwa kipimo cha A, ambacho kwa makusudi hupunguza sauti nzito: kinakata desibeli 26 kwenye hezi 63 na 16 kwenye hezi 125. Besi ya desibeli 90 kwenye hezi 63 inahesabika kama 64. Ongeza kwamba maikrofoni ya simu imeundwa kwa ajili ya maongezi. Wewe unasoma 68 unajiona umeonewa; jirani kalala, kioo cha dirisha kinanguruma. Kodi kipimo cha sauti chenye cheti cha ukaguzi, daraja la 2 kinatosha kwa kujipima, na mahali palepale chukua kipimo cha A kisha cha C, ambacho karibu hakipunguzi sauti nzito. C ikizidi A kwa 15 au zaidi, ugonjwa wako ni besi, na kumwambia mwimbaji apunguze hakutasaidia chochote.

Pima kwenye mpaka wako upande wa jirani, kipimo kikiwa kimo cha mita 1.2 hadi 1.5, wastani wa dakika 15, mara moja muziki ukipigwa na mara moja umezimwa. Kipimo cha pili ndicho kinachosahaulika, na kanuni nyingi hulinganisha muziki na ukimya wa kawaida wa mahali, si namba moja iliyowekwa kwa wote. Kichukue saa ile unayokusudia kumaliza. Ukikichukua saa 1 jioni magari yakiwa mengi, unajidanganya. Na zijue tabia za desibeli: kuongezeka 3 ni nguvu kuzidishwa mara mbili, lakini sikio husikia "mara mbili" kwenye ongezeko la kama 10. Fundi akikuambia ameshusha nguvu nusu nzima, ameshusha 3, na jirani hatagundua.

Halafu nenda kwa jirani. Mchana, peke yako, bila karatasi ya kusaini. Kama halmashauri imeficha jina, gonga milango yote inayotazama ua, usimtafute mmoja. Muulize chumba kipi, saa ngapi, na swali moja la kifundi: anasikia maneno ya wimbo, mdundo tu, au sakafu inatetemeka? Akisikia maneno, sauti inatoka kwenye uwazi, yaani mlango, dirisha, tundu la feni. Akisikia mdundo bila maneno, ni besi inayopenya kuta. Akihisi mtetemo miguuni na majengo yenu yanagusana, sauti inasafiri kwenye zege, na hata ukuta uujenge mara mbili hautaizuia. Majibu hayo yatakuokolea pesa nyingi. Akikuruhusu kupima chumbani kwake, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 unataja wastani wa desibeli 30 ndani ya chumba cha kulala usiku. Si sheria, ila ukiusogelea, mlalamikaji anabaki na hoja ndogo.

Tiba zenyewe, kuanzia za bure. Ondoa sabufa, ile spika kubwa ya besi, kwenye kona. Kila uso unaokutana nao, sakafu, ukuta huu na ule, unaweza kuongeza besi kwa desibeli 3 hadi 6, na bendi nyingi huweka sabufa kwenye kona bila kujua. Kwa ukumbi wa watu 50, jaribu kuizima kabisa. Kwenye miksa, mashine ya kuchanganyia sauti za vyombo, bonyeza kitufe cha kukata sauti zilizo chini ya hezi 80 kwa mwimbaji na gitaa: waya mnene wa gitaa huanzia hezi 82, hakuna kitakachopotea. Mpiga besi atalalamika, kwa kuwa waya wake wa chini ni hezi 41. Mkatie polepole chini ya 60. Sikio husikia noti ileile kupitia sauti zake za juu, 82 na 123, hata mzizi wake ukipungua. Mezani watu watasikia besi. Chumbani kwa jirani itapungua sana.

Spika mbili kubwa zinazorusha sauti hadi mwisho wa ukumbi zibadilishe na ndogo nne zilizo karibu na wasikilizaji, kila moja kwa sauti ya chini. Zielekeze mbali na ua, ingawa ujue mwelekeo unasaidia maneno ya wimbo, si besi. Chini ya spika na jukwaa weka mipira minene, hasa kama jirani alihisi mtetemo.

Dramu ni mtihani wake. Hazina kitufe cha sauti. Seti kamili kwenye chumba kidogo inaweza kupita desibeli 100 bila waya wowote, na wenzake wote wanapandisha amplifaya ili wasikike, usiku unakwenda hivyo. Badili fimbo kwa zile za vijiti vingi vilivyofungwa pamoja au brashi, weka blanketi ndani ya dramu la mguu, au kwa Ijumaa za mwanzo tumia kasha la kupigwa kwa mikono. Ukileta limita, kile kifaa kinachozuia sauti isipite kiwango ulichofunga, kumbuka kinatawala kilichopita kwenye waya wake tu. Amplifaya ya gitaa iliyochomekwa kwenye soketi ya pembeni haikijui. Kila chombo kipite kwenye miksa, miksa ipite kwenye limita, na ufunguo wa limita ukae na meneja wako, si na fundi wa bendi.

Mlango wa uani. Chukua ukuta wa nyuma wa mita za mraba 20. Uwazi wa asilimia moja, dirisha la sentimita 40 kwa 50, unafanya ukuta mzima usiweze kupunguza zaidi ya desibeli 20, hata ukiujenga kwa mawe ya nusu mita. Kwa hiyo kuziba nyufa kwa mipira ya milango kunazaa kuliko kuongeza tofali. Shida inakuja saa 3 usiku: ndani joto limepanda, mhudumu kachoka kufungua na kufunga akibeba sinia, anaegemeza jiwe mlangoni. Jiwe hilo limefuta kazi yako yote. Tatua hewa kwanza, kwa kiyoyozi au njia ya hewa yenye kona na kitambaa cha kumeza sauti ndani yake, kisha weka kifungio kinachorudisha mlango chenyewe, kisichoufunga kwa kufuli. Spika uani usiweke hata moja. Wavutaji sigara wapeleke upande wa barabarani.

Bendi nayo ihame kutoka mlango huo. Soketi si sababu. Fundi umeme ataleta waya mwisho wa pili kwa nusu siku, na aweke swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30. Mlango wa uani ni njia yako ya dharura, na sasa hivi umezibwa na dramu.

Hapo tumeingia kwa zimamoto, na hesabu yao inawashangaza wengi. Kanuni za majengo zinazofuatwa Marekani hukadiria mita za mraba 1.4 kwa mtu aliyekaa mezani, na 0.46 kwa mtu aliyesimama. Ukumbi wako wa mita 70 ukiwa na meza ni watu 50. Ondoa meza, ukumbi uleule unahesabiwa watu 152, toa eneo la bendi. Mwenyewe unaona umesafisha nafasi ya kucheza; mkaguzi anaona jengo jingine kabisa. Kanuni hizohizo zinataka njia mbili za kutokea watu wakifika 50, na milango ifunguke kuelekea nje. Nchi yako inaweza kuwa na namba zake, lakini mantiki ni hiyo. Omba zimamoto wakuandikie idadi ya juu kwa mpangilio wa meza zikiwepo na zikiondolewa, bandika mlangoni, na mpe mtu mmoja kazi ya kuhesabu kwa kidude cha kubonyeza. Ushauri wetu: mwaka wa kwanza acha meza nyingi mahali pake. Idadi ndogo, masharti madogo.

Haki za muziki ni fupi. Bendi ikipiga nyimbo za wengine, jukumu la leseni kwa kawaida linaangukia mwenye ukumbi, si bendi, na leseni hutolewa na chama cha kukusanya mirabaha. Muziki uliorekodiwa unaopigwa wakati bendi imepumzika una haki ya pili, ya rekodi yenyewe. Akaunti yako binafsi ya kusikilizia muziki mtandaoni haikuruhusu kuupigia umma.

Kwenye fomu, andika kidogo na kwa usahihi. "Burudani za aina zote, kila siku" inaalika pingamizi za aina zote. Andika: muziki wa bendi wa watu wasiozidi wanne, sauti iliyokuzwa, wateja kucheza eneo la mita za mraba kadhaa, Ijumaa tu, saa 1 hadi saa 4 usiku. Ambatisha mchoro wa kipimo cha 1:100 wenye jukwaa, spika, milango, vyoo na umbali hadi dirisha la karibu la jirani. Barua ya mwenye nyumba. Na ukurasa mmoja wa udhibiti wa kelele unaosema vipimo vyako, limita imefungwa wapi, nani ana mamlaka ya kushusha sauti, na namba ya simu itakayopokelewa usiku huo. Namba iwe ya mtu aliye ukumbini. Ya mwenye mgahawa aliyeko nyumbani haifai kitu.

Saa ya kumaliza itafsiri vizuri. Saa 4 iwe wimbo wa mwisho umekwisha, kisha nusu saa ya muziki wa chini wakati watu wanalipa, watoke wachache wachache. Malalamiko mengi ya saa 5 na saa 6 si ya muziki: ni vicheko mlangoni, honi za magari yaliyokuja kuchukua watu, na stendi za chuma zinazotupwa kwenye gari uani. Vyombo vipakiwe upande wa mbele, au vilale ndani hadi asubuhi.

Kama sheria ndogo yako ina kibali cha muda au cha siku moja, omba hicho kwanza kwa Ijumaa tatu. Weka daftari kwenye kaunta: tarehe, saa, kipimo cha A na C mpakani kila nusu saa, mlango wazi au umefungwa, idadi ya watu, simu zilizopigwa na kilichofanyika baada ya dakika ngapi. Mwandishi awe mmoja, na mistari mibaya isifutwe. "Saa 3:30, C 84, jirani kapiga, besi imeshushwa, saa 3:40, C 75" ni mstari unaoonyesha mfumo unafanya kazi, kuliko kurasa tatu zisizo na doa. Nakala ya daftari hilo iambatane na maombi ya kibali cha mwaka, na nyingine mpelekee jirani kabla hujaenda halmashauri.

Washauri